Pipa la Maganda Lililonitenga na Meza ya Bwana

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kinyala! Aliyesimama mbele yenu ni Mama Tumaini, yule yule mliyemtenga na meza ya Bwana kwa kosa la kupika pombe ya gongo.

Ndugu zangu, mume wangu aliuawa na gongo. Mlimzika ninyi wenyewe. Halafu mimi mjane wake niipike?

Mtaalamu mmoja alifundisha kikundi chetu cha akina mama kwamba maganda ya ndizi na makombo ya wali yakivundikwa hutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Moshi wa kuni ulikuwa umenichosha, nikajaribu. Nikachemsha samadi ili kuua vijidudu vinavyokula gesi hiyo na kubakiza vinavyoitoa, nikaichanganya na maganda na makombo ndani ya pipa, nikaziba hewa isiingie, nikatoa mpira wa kupitisha gesi juu. Chungu motoni, pipa, mpira, na harufu ya uchachu! Mpita njia akaona mtambo wa gongo. Hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa.

Nikatengwa. Jumapili mlipoinuka kwenda mezani, mimi nilibaki kwenye benchi nikiangalia migongo yenu. Na hiyo gesi yenyewe haikuwaka! Kila siku nawasha kiberiti, kimya. Kisha nikaugua, nikashindwa hata kwenda kisimani. Hapo niliogopa kweli. Aliyetengwa hazikwi na kanisa. Ningefukiwa migombani bila wimbo hata mmoja! Nilimwambia Mungu, "Na Wewe umeniacha." Nilimaanisha.

Nilipopata nafuu nikaanza upya, safari hii samadi nikaichemsha sana, maana vijidudu vilivyosalia mwanzo ndivyo vilivyokuwa vinaila gesi yangu. Mzee wa kanisa akaja.

"Mama Tumaini, nimekuja kuimwaga pombe yako."

"Ndaga, baba, asante kwa kufika. Washa kiberiti kwanza."

Nikachovya mpira kwenye maji ya sabuni, povu likajaa, nikalichota na kijiko, nikalisogeza mbali na pipa. Akawasha. Pu! Kofia ikamdondoka.

"Ee Kyala, Mungu wangu!" akasema. "Hii si pombe."

Leo nimeshiriki meza. Asante Yesu! Sitawadanganya, gesi bado ni kidogo, haijachemsha hata chai. Na muda wote ule hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza, "Mama, unapika nini?" Nimewasamehe, ila bado inauma.

Wewe uliyekataliwa, mtumaini Yesu hata ukiwa huna nguvu ya kuomba. Nanyi wengine, yuko mwingine mliyemtenga, yuko kwake sasa hivi. Tukitoka hapa nendeni mkamuulize, kabla hajafa.