Ukaguzi wa Mikono Mlangoni

Zima hiyo televisheni, kitinda mimba wangu, nawe mkubwa weka simu mfukoni, mnisogelee wote wawili, maana pumzi niliyobakiwa nayo hainitoshi kusema jambo mara mbili.

Nyumba hii ni yenu, sawa kwa sawa, na godoro hili lichomeni. Hayo yamekwisha. Ninalotaka kulisema ni la tamasha letu la vinyago pale ukumbini, kwa kuwa najua ndilo linalowatoa macho, na mimi, wanangu, tamasha hilo siku hizi linanitia kinyaa.

Lilivyo leo mnalijua, lilivyoanza hamlijui. Nilikuwa mchora mabango wa jengo la sinema, kazi yangu mizuka na wafu wanaotembea, na marehemu Fundi Meno alikuwa akitengeneza meno ya bandia mtaa wa nyuma. Mabaki ya nta na plasta yake tukayageuza mazimwi ya kimo cha kiganja, mimi nikiyapaka rangi, yeye akiyatia meno, na haki ya Mungu hamjaona zimwi lenye meno mazuri kama yale. Waunda meli na ndege za mfano walikuwa na ukumbi lakini hawakuwa na watazamaji. Sisi tulikuwa na watazamaji, ukumbi hatuna. Tukaungana shingo upande. Mwenyekiti wao, tuliyemwita Nahodha ingawa hata kuogelea hakujua, akalazimisha pazia katikati ya ukumbi ili watoto wasione maiti zetu. Watoto wakachungulia, wakasukumana, mpaka pazia likaangukia manowari zake. Hakunisemesha hadi anaingia kaburini. Mwambieni mjane wake kinyongo nimekitema.

Tangu mwaka huo tulikagua mikono mlangoni. Mwenye rangi kwenye kucha na gundi iliyokaukia vidoleni aliingia bure, maana huyo ametengeneza kitu; mwenye mikono misafi alilipa kiingilio. Mama yenu ndiye aliyekaa pale, akizigeuzageuza kucha za watu kama muuguzi, na hakuna aliyemdanganya. Sheria yetu ilikuwa hiyo tu, na ndiyo iliyotulea.

Mkaifanyaje nilipoanza kuugua? Mwaka jana mlinisukuma kwa kiti cha magurudumu, nikamkuta mchuuzi nje ya lango na kopo la rangi ya milango, watu wamejipanga wachovye vidole, wanamwachia sarafu, wanaingia bure huku wakicheka. Pfuu! Na ndani ndiko kulikooza zaidi: mazimwi ya kiwandani, yamepakwa rangi hukohuko, yamefungiwa kwenye maboksi, na wenyewe hawataki yaguswe yasije yakashuka bei. Zimwi linaloogopa vumbi litamtisha nani? Nilitapika ndani ya kofia yangu, mkasema ni dawa. Haikuwa dawa. Na nilipouliza nani amempa mchuuzi yule nafasi pale langoni, wewe mkubwa ukatazama viatu vyako.

Nipeni maji... basi, inatosha.

Ufunguo wa ukumbi namwachia kitinda mimba. Zimwi lake la mwaka juzi lilikuwa baya, miguu imepinda, jicho moja limeteleza mpaka shavuni, lakini alilihangaikia mwenyewe, na nililipenda. Binti yangu, mchuuzi mfukuze. Maboksi yafunguliwe mlangoni au yarudi yalikotoka. Na wewe mkubwa, usinune, sijakutupa. Mbona nakupenda mpaka naumwa. Nakuachia kalibu za Fundi Meno, zile za plasta, zimo chini ya kitanda hiki. Mimina nta, chonga, paka, haribu, anza tena. Siku utakapoliweka zimwi lako mezani, dada yako akuchongee ufunguo wa pili. Kabla ya hapo, utalipa kiingilio kama watu wengine.

Msigombane... Mungu awape mikono isiyochoka, na watoto watakaowapigia kelele ukumbini... Sauti inanikimbia. Sogea, mkubwa, nikubariki. Lete mkono.

Hiyo rangi... nimeinusa tangu ulipoingia. Rangi ya milango, wala haijakauka. Umechovya, mwanangu... umechovya ili uje kuniaga.

Siutaki huo. Lete ule mwingine... ule msafi. Huo... huo ndio nitakaoubariki.