Daraja Alilowapa Majirani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gavana, sisi wakazi wa Harrowfield, Vermont, tunafurahi kukupokea leo, Juni 1803, ingawa umetufikia umelowa hadi kiunoni. Tuwie radhi. Ule mto ndiyo barabara yetu.

MJUMBE WETU

Mwaka 1792 tulimchagua Asahel Tuttle, fundi wa mapipa, aingie Baraza la Kutunga Sheria. Tulimpa kazi moja: atuletee daraja. Akatembea siku nne kwenye matope.

Barazani alikaa karibu na mjumbe wa Stanbury, mzee mwenye kigugumizi. Mzee aliposimama kuombea kijiji chake daraja, maneno yakamkwama, wenzake wakacheka, akaketi.

Asahel akamnong'oneza, "Ulitaka kusema nini, ndugu yangu?"

Mzee akajikongoja neno kwa neno: "Mkunga wetu kachukuliwa na mto. Alikuwa anamwendea mke wa mwanangu."

Mwaka ule Baraza lilikuwa na fedha za daraja moja tu. Asahel akasimama, akawaombea Stanbury. Likapita.

MAPOKEZI YAKE

Hatufichi, tulinuna. Lemuel Gage, mshona viatu, alimkabili mlangoni mwa kanisa. "Bwana Tuttle, daraja letu umelisahau njiani?"

"Nimewapa Stanbury."

"Na sisi je?"

"Sisi tunalowa, Lemuel. Wao wanazika."

Majira yote ya baridi hatukumsemesha. Hata mapipa tulinunua kwingine, nayo yakavuja.

Kiangazi daraja la Stanbury likakamilika. Agosti, binti yake Lemuel, aliyeolewa huko, akashikwa na uchungu. Mkunga mpya akavuka, akamwahi. Septemba, uchaguzi ulipofika, Lemuel mwenyewe ndiye aliyependekeza tena jina la Asahel.

CHANGAMOTO

Tumemchagua mara kumi na moja, na kila mwaka hukuta kijiji chenye shida zaidi kuliko sisi, akakipa daraja letu. Sasa ana miaka sabini na moja, magoti yanamsumbua, na anasema huu ni mwisho. Yuko hapo nyuma yako, anajifanya kufunga kiatu.

OMBI

Tunaomba daraja, Mheshimiwa. Asahel awe wa kwanza kulivuka. Mkewe, Mama Thankful, ameomba avuke naye akiwa amemshika mkono, asije akaligawa kabla hajafika ng'ambo.

Mungu akurudishe salama, na maji yakupungukie.

Ni sisi,
Wakazi wa Harrowfield