Umeuliza Wapi? Maneno ya Kumuaga Mama Tshibola wa Saraka

Mheshimiwa Burugumesta wa Komini ya Kasuku, uliyeziacha ofisi zako ukaja kukaa nasi. Daktari Mkuu wa Mtandao wa Vituo vya Afya vya Mtoni. Imamu wetu na Padri wetu, ambao leo naona mnagawana feni moja bila ugomvi. Wazee wa reli, mliokuja kwa sababu huyu ni binti yenu. Wauguzi, wakunga, madereva na motari wa pikipiki mliotoka Tunda, Kampene na ng'ambo ya Alunguli. Ndugu wageni waalikwa, nanyi mama wapishi mnaonisikia kupitia dirishani: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na yeyote niliyemruka anisamehe, nitamsalimu wakati wa chakula.

Mimi ni Mbaraka, mkuu wa utumishi. Nimepewa kazi ya kumuaga Mama Euphrasie Tshibola, msimamizi wa saraka yetu, anayestaafu leo na kuhamia Tunda, kwao mume wake Mzee Okito, akalime mpunga. Nilijaribu kukwepa. Nilisema mimi si mtu wa mashine, wapo vijana wanaoijua kazi yake vizuri zaidi. Daktari Mkuu akaniuliza, je, kuna mwingine hapa ambaye huyu mama aliwahi kumfufua? Nikaenda kutafuta kalamu. Imamu, usinitazame hivyo, nitaeleza.

Wenye umri wanakumbuka miaka ya vita hapa Kindu. Treni haiji, ndege haiji, chumvi inauzwa kwa kijiko. Wakati ule mtandao wetu ulikuwa vituo vichache tu na kila kituo kilikuwa na foni, ile redio ya kuongea mbali, iliyokula betri ya gari na kutoa sauti kama ya mtu anayekaanga samaki. Aliyeketi mbele ya foni ya Kindu alikuwa binti mmoja wa reli, baba yake alitoka Kasai kuja kuendesha treni, na yeye alikuwa na sauti iliyofika Kampene hata betri ikiwa imechoka. Mama Tshibola, Yaya wangu, dada yangu mkubwa, ukikataa nitawaita wazee wa reli washuhudie.

Kazi yake ilikuwa kuita vituo kuhusu dawa. Lakini nani alikuja kuuliza dawa? Watu walikuja kuuliza watu. Mama anatafuta mwanawe, bwana anatafuta bibi, asubuhi mpaka jioni. Na yeye alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: hakuwa anasema fulani amepotea. Alikuwa anasema, "Tunda wanasema hayuko Tunda." Ukitaka zaidi ya hapo, utakaa sana kwenye benchi la kungojea.

Sasa mimi, kijana wa maabara wakati huo, nilitumwa Tunda kupeleka chanjo. Nilifika, nikazikabidhi, nikaanza kurudi, na njiani risasi zikaanza. Sikuuliza zinatoka wapi. Nilikimbia na wenzangu hadi mtoni, tukavuka, tukashuka na ukingo wa pili kwa miguu, siku baada ya siku, hadi nikatokea Alunguli. Na pale nikakwama. Pirogi, mitumbwi yetu, zilikatazwa kuvuka. Waheshimiwa, mnaijua Alunguli: ni hapo tu, ng'ambo ya maji. Nilikuwa naliona bati la nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa naona moshi wa jikoni nikijiuliza wamepika nini.

Huku nyumbani, baba yangu mdogo Abdallah, Mungu amrehemu, alikwenda kwa foni kuniulizia. Tunda wakajibu: aliondoka zamani, hapa hayuko. Baba mdogo alikuwa mtu wa maamuzi. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba Mbaraka hayupo tena. Mke wangu Mwamini akaingia eda, mikeka ikatandikwa, matanga yakaanza. Na nilikuwa na mbuzi mmoja, mweupe, mnene, niliyemficha kwenye choo kisichotumika ili wenye bunduki wasimwone. Wenye bunduki hawakumwona. Wafiwa walimwona.

Mama Tshibola alikwenda kwenye matanga kuwaambia kwamba hakuna aliyesema nimekufa. "Niliuliza Tunda, Tunda imejibu. Mahali pengine sijauliza." Baba mdogo akamjibu kwa adabu kwamba amesikia, lakini mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Ndugu zangu, hayo ni maneno mazito. Mbuzi akishachinjwa, marehemu naye lazima apatikane.

Yeye akarudi kwenye foni yake. Hakuita Tunda tena. Aliita vituo vyote kwa pamoja, kila mwenye masikio, na aliyejibu alikuwa mhudumu wa zahanati ya parokia, hapo Alunguli, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufikiri kupaita kwa redio maana mtu anapaona kwa macho. Mhudumu akasema, "Mbaraka wa chanjo? Iko hapa. Anakula sombe yetu ya muhogo kila siku."

Mwamini aliletwa mbele ya foni na shuka lake la eda. Hakuamini. Alisema sauti ni ya kukwaruza, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Basi nikamuuliza kitu kilichokuwa moyoni mwangu tangu Tunda: "Mwamini, mbuzi yangu iko?" Akalia hapo hapo. Amenieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipojua ni mimi, kwa sababu mzuka ungeanza kwa kumuulizia yeye.

Nimefika kwenye saraka, msichoke.

Vita vilipoisha vituo vikaongezeka, watu wakaongezeka, na Yaya akaenda Kisangani kusoma mambo ya mashine akiwa na watoto wakubwa nyumbani. Alirudi na seva, akaiweka kwenye chumba kidogo nyuma ya famasi, akakataza mtu kula ndani yake. Humo akaandika watumishi wetu wote, kila mmoja na kituo chake, kazi yake, simu yake na, kwa kusisitiza kwake, grupu yake ya damu. Tulicheka. Nakumbuka mimi mwenyewe nilimuuliza kama ataweka na namba za viatu.

Saraka ile imepangwa kama mti. Chini kuna shina, ndio mtandao mzima. Juu yake matawi, Kasuku, Alunguli, Tunda, Kampene. Vijana walitengenezewa ukurasa mzuri wenye picha, unabonyeza, unaona sura ya mtu. Yeye hakuupenda. Alipendelea ule ubao mweusi wa kwenye kioo cha kompyuta, ambao unaandika amri kwa mkono. Neno la kuanzia ni gumu mdomoni, ldapsearch, na mimi kwa miaka mingi nililiogopa kama sindano. Siku moja akaniketisha akaniambia, "Mudogo wangu, hii ni foni tu." Akanionyesha: hapa unasema wewe ni nani, hapa, baada ya kistari na b, unasema uanzie wapi kwenye mti, hapa unasema ushuke mpaka wapi, kwenye mabano unaandika unayemtafuta, na mwishoni, ukitaka, unasema ujibiwe nini, simu tu au kila kitu. Nikatazama. Kweli ilikuwa foni. Hapa Kindu, naita Tunda, natafuta fulani, nijibu.

Tofauti ni moja. Foni ikikosa mtu ilikuwa inasema hayuko. Mashine ikikosa mtu inaandika, kwa Kiingereza chake, kwamba kazi imefaulu. Haioneshi mtu hata mmoja, na imefaulu! Nilimwambia Yaya kwamba hiyo mashine ina kiburi. Akasema haina. Imetafuta pale ulipoituma, imemaliza, na imekwambia ukweli. Nikacheka nikaenda zangu.

Mwaka jana, msimu wa mvua, binti yangu Sifa alikuja kujifungua katika maternite yetu, hapo Kasuku. Mtoto alitoka salama. Damu ya mama ikakataa kusimama. Mkunga Nathalie, ambaye yuko hapa mbele, alifanya yote aliyoweza, kisha akaniita pembeni na kuniambia kwamba tunahitaji damu ya O hasi, na kwenye friji hakuna. Nikatoa mkono wangu, haukufaa. Kaka zake wakatoa mikono yao, haikufaa. Mwamini alikaa chini kwenye sementi.

Jua lilikuwa limefichwa na mawingu tangu juzi yake, umeme wa sola ulikuwa umedhoofu, na ule ukurasa mzuri wa picha ukagoma kufunguka. Exaucé, fundi wetu kijana, akafanya jambo sahihi kabisa: akafungua ubao mweusi. Aliandika aanzie tawi la Kasuku, maana damu inatakiwa karibu, akaandika grupu kwenye mabano, akaomba simu. Mashine ikajibu. Imefaulu, na hakuna mtu. Exaucé alitoka na uso ambao sitausahau, akamwambia daktari, hatuna.

Ndugu wageni, mimi nilifanyiwa matanga na sikuwa nimekufa. Siku ile, hai na mzima, niliona matanga ya kweli yanakuja nyumbani kwangu.

Yaya alikuwa nyumbani siku hiyo. Nathalie alimpigia simu. Alikuja juu ya moto, hizi pikipiki zetu, mvua inamnyeshea, miguuni ana ndala za kuogea, kiatu cha kawaida hakukikumbuka. Hakunisalimia, na mnajua jinsi anavyopenda salamu. Aliinama kwenye kioo, akasoma mstari mmoja, akamuuliza Exaucé, "Umeuliza wapi?"

"Kasuku, mama."

"Basi njo Kasuku peke yake imekujibu. Amri yako ni nzuri, mwanangu. Uliza kwenye shina."

Exaucé akalifuta neno Kasuku kwenye mstari. Neno moja tu. Akabonyeza, na majina yakatoka. Mmoja yuko Tunda, mbali. Mwingine yuko likizo niliyomsainia mwenyewe, amekwenda Kinshasa. Wa mwisho: Dieumerci, dereva wa moto, kituo chake Kampene. Nilishika kichwa. Kampene, na barabara ile, na mvua ile? Yaya akaniambia ninyamaze, kwamba saraka inasema mtu ni wa wapi, haisemi leo amekaa wapi. Akaipiga ile simu.

Dieumerci akapokea. Kelele nyuma yake, nyundo, muziki. Alikuwa ameleta sampuli za maabara, na mnyororo wa moto wake umekatika, anangoja fundi. Gereji gani? Nyuma ya soko la Kasuku. Kutoka kwenye kitanda cha Sifa ungemwita kwa sauti akasikia. Alikuja anakimbia, mikono imejaa grisi, na Nathalie alimwosha kwanza huku akimgombeza, kisha akamlaza akamtoa damu.

Sifa, binti yangu, simama watu wakuone. Asante. Kaa, mtoto amelala. Huyo aliyelala ni mjukuu wangu, mtoto wa Kiislamu wa Kasuku, na jina lake ni Dieumerci, yaani Mungu asante kwa Kifaransa. Nilimwendea Imamu kwa woga kumwambia jina hilo. Alicheka, akasema kwa Kifaransa au kwa Kiarabu, shukrani ni ya Mungu yule yule. Na wewe Dieumerci mkubwa, acha kujificha nyuma ya nguzo. Nyumba yangu ni yako, umeshaambiwa.

Yaya Tshibola, mimi sijui kusema maneno matamu, ninajua kuandika barua za uhamisho. Ninakupenda kama dada wa tumbo moja, na nimesema mbele ya mumeo. Ulinirudishia mke wangu, ukanirudishia binti yangu, na mara zote mbili ulifanya jambo moja: ulikataa kuliamini jibu tupu kabla ya kujua limeulizwa wapi. Je, ni wangapi kati yetu tuliolia kabla ya kuuliza ng'ambo?

Sasa kuna jambo la ofisi. Kanuni yetu inasema anayestaafu anaondolewa kwenye saraka. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Leo asubuhi nilipita chumba cha seva, nikamkuta Exaucé, ambaye kuanzia kesho ndiye msimamizi. Nilimwomba akutafute. Akaandika aanzie Kasuku, akaandika jina lako. Imefaulu, hakuna mtu. Nakwambia ukweli, nilidhani ameshakufuta. Kisha nikajisikia mwenyewe nikisema, "Umeuliza wapi?" Akacheka, akauliza kwenye shina.

Upo, Yaya. Tawi la Tunda. Simu yako ile ile, grupu B chanya. Na pale kwenye kazi, palipokuwa pameandikwa msimamizi wa saraka, Exaucé ameandika neno moja: muulizeni. Kanuni nimeibadilisha kabla ya chai, na Daktari Mkuu ametia sahihi. Basi nenda kalime mpunga wako. Atakayekutafuta Kasuku hatakupata, asije akatuwekea matanga.

Mheshimiwa Burugumesta, wazee, mama zangu, ndugu zangu, mmeniazima masikio yenu muda mrefu na ninawarudishia kwa shukrani nyingi. Harufu mnayoisikia dirishani ni ya mbuzi. Nilimchagua mwenyewe, mweupe, mnene, na safari hii nami nimealikwa. Asanteni sana.