Toleo Jipya la Ngome ya Mizimu

Mwaka huo kila kitu kilikuwa kinauzwa, na kijiwe cha kahawa cha Kihonda, Morogoro, kilijaa wanaume waliouzwa pamoja na viwanda vyao. Kahawa ilikuwa bado ya moto, lakini Athanas, ambaye pale wanamwita Fundi Mota, hakutulia. Mara kanyanyuka, mara kakaa, mara kachungulia barabarani. Halidi mwenye banda la gemu alikuwa na kaseti ya Ngome ya Mizimu mkononi, ile ya zamani, akimsubiri mchuuzi wa Dar wabadilishane kwa toleo jipya. Na ndani ya kaseti hiyo ndimo ilimohifadhiwa safari yote ya Athanas. Tangu kiwanda chao kifungwe amecheza mpaka lango la mwisho, ambako hakuna mwingine mtaani aliyefika. Kaseti ikiondoka, na safari imeondoka.

— Halidi, kaa nayo mpaka Jumapili tu. Nimebakiza lango moja.

— Fundi, vijana wameichoka. Wanataka yenye rangi.

— Rangi wamepaka tu, akadakia Abuu, ambaye kwa kupenda redio wanamwita Bibisi. Gemu hii walianza nayo Wajapani, haina hata muziki. Wakaitoa tena, wakatia muziki. Wakaitoa tena, wakampa shujaa ndevu. Hii ya sasa wamemnyoa.

— Nani kakwambia? akauliza Halidi.

— Wewe kunywa kahawa. Halafu wale Wajapani wakabinafsishwa. Lango la mwisho likabaki kwa mwenye hisa.

— Acha fiksi, Bibisi.

— Fiksi? Mbona Fundi halifungui miezi yote hii? Ufunguo wameutia kwenye toleo jipya, ili ulipe mara mbili.

Athanas alianza kuamini kidogo kidogo, na hilo lilimkera kuliko upuuzi wenyewe.

— Hata kiwanda chetu ndiyo hivyohivyo, akasema. Geti jipya, jina jipya, mashine zilezile nilizozihudumia tangu sijaoa. Jumatatu wanatuita tukaombe kazi upya.

— Afadhali wewe umeitwa, akasema mmoja wa waliokaa kwenye benchi.

Sabra, muuza karoti aliyeshuka kutoka Mgeta, alikuwa ametua tenga lake kando ya benchi apumzike.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani baba zangu. Hiyo mpya ikija, mtu aliyekuwa ameshafika mbali kwenye ya zamani, itamtambua? Au anaanza moja na wageni?

Halidi akaigeuzageuza kaseti. Ng'ambo ya barabara mchuuzi alishatokea na mfuko wake wa nailoni.

Athanas akakaa. Hakuwaza gemu tena. Alijiona Jumatatu kwenye foleni ya getini, kijana mwenye tai akimuuliza kama amewahi kugusa mashine.