Miguu ya Bujiku Imebaki Kampala

Mwaka 1954 kijiwe chetu cha Shinyanga kilikuwa ubao juu ya madebe mawili, kando ya ghala la pamba. Selestine aliuza kahawa. Sisi wengine tulileta maneno. Jumamosi hiyo walikuwapo Cornel, tuliyemwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani. Mihayo, tuliyemwita Redio. Na Gregory Ngassa, katibu wa timu ya mji, ambayo kesho yake ingecheza na Mwanza. Kati yao alikaa Bujiku mwenyewe, sentafowadi aliyeanzia timu ya mgodini Songwa, akachukuliwa Kampala, akafunga huko mpaka akatajwa magazetini. Alikuja likizo, akaoa. Tangu aoe, hakufunga goli hata moja nyumbani.

— Kesho hutacheza, Ngassa alimwambia. Usinichukie, ndugu yangu.

— Nikiachwa na timu ya kwetu, Kampala watasikia, akajibu Bujiku. Hawatanipokea tena.

— Kosa ni njumu, akasema Redio. Alizoea kucheza peku. Wamemvisha ngozi ya ng'ombe wa Kiganda, sasa mguu na kiatu haviamkiani.

— Mbona Kampala alifunga na njumu hizo hizo?

— Kule ng'ombe yuko kwao.

Hakimu akakohoa.

— Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo asinywe maji kabla ya mechi.

— Hakimu, methali hiyo haihusu kiu.

— Wewe ulikuwapo ilipotungwa?

Redio akasogea mbele.

— Nisikilizeni. Miguu yake imebaki Kampala. Alipolala melini walimbadilishia, wakampa ya golikipa. Ndiyo maana akilikaribia goli anataka kulilinda.

— Na huyo golikipa wao?

— Anafunga kila wiki. Kaulizeni.

— Mimi nimeona kwa macho, akasema Ngassa. Anawapita mabeki wote, anabaki na golikipa, kisha anakata kushoto kama aliyekutana na chatu. Bujiku, unaona nini pale?

Bujiku alitazama kikombe.

— Ni jambo la nyumbani, katibu.

Aliinua macho kuelekea relini, akaweka kikombe chini, akaruka ua wa ghala na kujificha nyuma ya marobota ya pamba.

Alikuwa anakuja Bernadina, mama wa mkewe. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe, humpisha njia.

— Shikamoo, mayu, tukamwita mama kwa Kisukuma.

— Marahaba, wanangu. Namtafuta Ngassa.

— Nipo, mama.

— Mechi zote mimi na kina mama wa kanisani tumekaa nyuma ya goli, palepale mkwe wangu anapoelekea, tumtie moyo kwa vigelegele. Wakibadilishana magoli, nasi tunahama naye. Najua, njiani hatuonani. Lakini uwanja si njia. Nadhani tulikaa mbali mno, hakutusikia.

Redio akainama kama anayetafuta kitu chini.

— Sasa kesho, mwanangu, ataanza kushambulia goli lipi, nikatandike mkeka karibu zaidi?

Ngassa akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Redio. Nyuma ya marobota mtu akapiga chafya.

— Afya, akasema Bernadina bila kugeuka, akaendelea kungoja jibu.