Paa la Ubalozi

Kwenye treni ya asubuhi, mama anayeongoza kituo cha watoto viziwi alimweleza fundi cherehani aliyeketi naye jinsi walivyokataa paa jipya waliloahidiwa na ubalozi mmoja wa kigeni. "Ubalozi ulitaka kwanza tutangaze kwamba tunaunga mkono vita vyao. Sheria mpya inasema msaada wa kigeni ukija na masharti ya kisiasa tumwarifu msajili wa mashirika, nasi tukamwarifu."

"Na mvua je, dada?"

"Tunasogeza madawati. Mikono ya wanangu haitasema maneno ya kukodishwa."

Behewa zima lilisikia. Hata sisi tuliojifanya tumelala tulifumbua macho.

"Sheria hiyo leo inamzuia mgeni," fundi alisema, "kesho serikali itawafunga nayo ninyi midomo."

"Basi kesho nitagombana na serikali, kaka. Leo nagombana na ubalozi."

Fundi alifungua kinywa ajibu, lakini treni ilisimama, na mama akashuka kichwa juu.