Bi. Verna Stuckey Alivuka Barabara

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika masijala ya jinai ya Mahakama yetu ya Rufaa hapa mashariki mwa Texas, Bi. Verna Stuckey anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Ameniomba niwe mfupi. Ufupi nimejifunza kwa majaji wetu, ambao ombi la mfungwa asiye na wakili hulikataa kwa mistari minne, mmoja ukiwa tarehe.

Tangu mwaka 1994 maombi hayo yote yamepita mikononi mwake, mengi yakiwa ya penseli, mengine nyuma ya fomu za duka la gereza. Moja lilianza kwa kuwaombea dua majaji na familia zao. Lilikataliwa, ila dua haikupingwa. Hajawahi kupoteza karatasi hata moja, sifa ambayo jengo zima haliwezi kujigamba nayo.

Wa kukumbukwa ni Leland Fontenot. Siku 212 alizokaa mahabusu hazikupunguzwa kwenye kifungo chake. Akamwandikia jaji aliyemhukumu asahihishe hesabu. Jaji akanyamaza mwaka mzima. Fontenot akatuomba amri ya kumlazimisha jaji ajibu. Tukamkatalia, kwa kuwa hakuambatisha nakala ya barua yake yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo hupigwa na mahakama ya wilaya, ya jaji huyo huyo, ambayo haikumrudishia nakala. Akaomba mara nne, tukakataa mara nne. Haraka ya nini? Mfungwa ana muda wa kutosha.

Nakala yenye muhuri ilikuwa ng'ambo ya barabara, katika jengo la wilaya, hatua arobaini kutoka mlangoni petu. Majaji watatu waliobobea katika sheria hawakuifikia, ingawa dirisha lao linatazama huko huko.

Machi mwaka jana Bi. Verna aliacha sandwichi yake mezani, akavuka, akachukua nakala ya ukurasa mmoja na kumtumia Fontenot gerezani. Ombi la tano likaja limekamilika. Amri ikatoka, na jaji aliyekosa nafasi mwaka mzima akajibu baada ya siku mbili. Kwa hesabu mpya, Fontenot alipaswa kuwa nyumbani siku mia moja na tisini kabla ya hapo. Tulimtoa kwa heshima zote.

Kanuni inatukataza kumsaidia mwombaji yeyote. Bi. Verna akaitwa na msimamizi wake, akaulizwa kama anaijua.

“Naijua, mwanangu,” alisema. “Si mimi ndiye niliyekufundisha?”

Msimamizi huyo ni mimi. Nilimwandikia onyo, na bado limo kwenye faili lake. Naona haya kulitaja, na ningeona haya zaidi kulificha.

Asante, Bi. Verna. Pumzika vizuri, ule chakula chako kikiwa cha moto, na maisha yako yawe mema kuliko tulivyokutendea. Jumatatu nakalia meza yako. Maombi kumi na saba yananisubiri, na kumi na moja hayana muhuri.